Mkuu wa Boma la 212

"Nimekuja kuuliza mwenye nyumba yangu ni nani," Tryphena alisema, kabla hata hajakaribishwa kiti.

Ndila aliinua macho kutoka kwenye kompyuta. Ilikuwa Jumatatu asubuhi, wiki ya kwanza ya Machi, na ofisi ya Chama cha Maji cha Kishanga, chumba kimoja juu ya duka la mbolea mjini Voi, ilikuwa imetoka kupigwa deki. Mama aliyesimama mlangoni alikuwa na miaka arobaini na kitu. Viatu vyake vilikuwa vyekundu kwa vumbi la mlima wa Sagalla.

"Keti kwanza, mama. Nyumba yako ina shida gani?"

"Nyumba haina shida. Nimeijenga mwenyewe." Tryphena aliketi. "Majirani wote wamepata ujumbe wa mkutano wa Jumamosi. Mimi sikupata. Nikamuuliza shemeji yangu Donald, akaniambia ujumbe wangu umeingia kwa simu yake, kwa sababu kwa chama yeye ndiye mkuu wa boma langu. Nikamwambia nitashuka Voi niulize."

Ndila alikuwa mtunza rekodi wa chama kile kwa mwaka wa pili, na mkataba wake ulikuwa unaisha Juni. Aliuliza jina, akaandika, akasubiri.

Rekodi za chama zilikaa katika majedwali mawili. Moja lilikuwa la maboma, la pili la watu. Kila mtu aliandikiwa namba ya boma analoishi, na kila boma liliandikiwa namba ya mtu aliye mkuu wake. Yalitegemeana hivyo: ukitaka kumjua mtu ulikwenda kwenye boma lake, ukitaka kulijua boma ulikwenda kwa mkuu wake, na ulipaswa kujikuta mahali pale pale ulipoanzia.

Kwa Tryphena haikuwa hivyo. Yeye alikuwa mtu wa 640, mkazi wa boma la 212. Boma la 212 mkuu wake alikuwa mtu wa 88. Mtu wa 88 alikuwa Donald, naye Donald alikuwa anaishi boma la 31, kilomita nzima chini ya mlima.

"Ni kweli alivyokuambia," Ndila alisema polepole. "Ndivyo imeandikwa."

"Nani aliandika?"

"Sijui, mama. Lakini leo nitajua."

Alimpigia simu Derrick, fundi aliyetengeneza mfumo ule miaka sita iliyopita kabla hajahamia Nairobi. Derrick alikumbuka bila kulazimishwa.

"Ilikuwa inagoma kabisa," alisema. "Ukitaka kuingiza boma jipya, inadai mkuu. Ukitaka kumwingiza huyo mkuu, inadai boma. Hakuna pa kuanzia. Na nje kuna foleni mpaka barabarani, watu wanataka mita za maji. Nikazima ule ukaguzi, nikawaambia makarani waweke mtu yeyote wa familia ambaye tayari yuko kwa mfumo, halafu tutarekebisha baadaye."

"Baadaye lini, Derrick?"

"Si unajua vile kazi huwa."

"Najua vile imekuwa. Mama mmoja yuko hapa mbele yangu, na nyumba yake imepewa shemeji."

Derrick akasema pole, na ilisikika kama alimaanisha.

Ndila alipokata simu, Tryphena alikuwa amekwisha kuelewa mengine yote. Alisimulia kwa sauti ya kawaida. Mumewe alifariki mwaka ule wa foleni. Aliamua kutoka kwa wakwe na kujenga upande wa juu, kwenye mawe, na watoto wake watatu. Siku ya kuandikisha mita alikuwa bado amefiwa, hatoki, na Donald akajitolea kwenda kumwandikisha.

"Mimi nilijua ameniandikisha mimi," alisema.

Ndila aliiuliza kompyuta swali moja tu: ni maboma mangapi ambayo mkuu wake haishi humo? Chama kilikuwa na maboma mia tatu na kumi na manane. Jibu lilikuja arobaini na saba. Aliyapanga kwa jina la mkuu. Baadhi yalikuwa chini ya wana waliokwenda Mombasa zamani, mengine chini ya kaka, baba wakwe, na hata mzee mmoja aliyezikwa mwaka juzi. Kumi na manne yalikuwa chini ya Donald.

Katika mkutano wa Jumamosi kila boma lingepata kadi moja ya kura, na kadi ingechapishwa kwa jina la mkuu wa boma. Kulikuwa na jambo moja kubwa la kuamua. Tangi jipya lijengwe chini, karibu na shule, au juu kwenye mawe, ambako maji hayakupanda hadi kwenye mita na akina mama walikuwa bado wanabeba mitungi mgongoni saa nzima kila asubuhi. Donald alitaka chini, na alikuwa anakwenda mkutanoni na kadi kumi na tano, pamoja na ya boma lake.

*

Sylus, katibu wa chama, aliingia saa tano akiwa na mkoba wake chini ya kwapa. Ndila alimweleza. Hakushtuka sana.

"Hilo ni jambo dogo la kompyuta," alisema.

"Si la kompyuta. Katiba ya chama inasema kila boma litawakilishwa na mkuu wake anayeishi humo. Mimi nataka kuiambia kompyuta hayo hayo. Namba ya mkuu iwe ya mtu aliye kwenye rejista, na huyo mtu boma lake liwe ni hilo hilo. Na ukaguzi usubiri mpaka boma na mkuu wake wawe wameingia wote wawili, ndipo uwaangalie pamoja. Wakikosana, wote wanarudishwa. Ile shida ya Derrick haitakuwepo tena."

"Basi weka."

"Siwezi kuiweka leo. Nikijaribu, inakataa. Inasema kuna maboma arobaini na saba ambayo tayari yameivunja. Ni lazima kwanza niyarekebishe."

Sylus alivua miwani na kuifuta kwa shati. Alikuwa mtu mpole, mwalimu mstaafu, na alichokichukia maishani ni mkutano unaovunjika kwa kelele. "Kuna njia ya kuweka sheria ianze na hawa wapya tu? Hawa wa zamani wakae vile walivyo mpaka mkutano upite?"

Njia hiyo ilikuwepo. Ilikuwa neno dogo tu mwishoni mwa amri. Ndila alilijua.

"Ipo," alisema. "Sitaitumia."

"Ndila."

"Mwalimu, nikifanya hivyo nitakuwa nimewaambia akina mama arobaini na kitu kwamba sheria ni ya watakaokuja baada yao. Huyu hapa ametembea tangu alfajiri. Mwambie wewe."

Sylus alimtazama Tryphena, ambaye alimtazama vilevile.

"Wewe ni wa kompyuta," mwishowe alimwambia Ndila. "Si wa kamati. Kadi nazitaka Ijumaa saa sita."

"Utazipata."

*

Jumatano Ndila alipanda Sagalla kwa bodaboda, laptopu mgongoni na fomu ndani ya bahasha. Hakuwa ametumwa na mtu. Aliomba siku moja ya likizo yake na Sylus akaitia sahihi bila kuuliza atakwenda wapi.

Tryphena alimngoja njia panda na kumzungusha kutoka boma hadi boma. Kazi yenyewe haikuwa ngumu. Ndila aliuliza nani anaishi pale, nani ndiye mkuu, akaandika, akaomba sahihi au kidole. Akina mama wengi walicheka kwanza, halafu wakanyamaza waliposikia jina lililoandikwa juu ya nyumba yao. Mmoja aliomba arudiwe kusomewa mara tatu.

Kwa nyanya Rachel, aliyekuwa na miaka sabini na mitano, mambo yalikwama. Boma lake liliandikwa kwa mwanawe Valentine, ambaye yuko Mombasa.

"Mwacheni," nyanya alisema. "Ni kijana wangu wa pekee. Mkimtoa atasema mama amenifukuza."

"Hatumtoi kwa familia, nyanya," Ndila alisema. "Lakini mara ya mwisho alilala hapa lini?"

"Krismasi."

"Hii iliyopita?"

Nyanya alifikiri. "Hapana. Ile nyingine."

Kuku walikuwa wanachokorachokora karibu na miguu yao. Tryphena alitaka kusema kitu, Ndila akamzuia kwa mkono.

"Sheria inataka mtu anayeishi hapa," Ndila alisema. "Ni wewe na mjukuu wako wa darasa la tatu. Mimi siwezi kukuchagulia. Chagua wewe."

"Sasa nitamchaguaje mtoto wa darasa la tatu?" nyanya alisema, na hapo hapo akanyoosha kidole gumba. "Niandike. Lakini mahali fulani uandike pia kwamba Valentine yuko. Asije akasema hayuko."

Ndila aliandika pembeni mwa fomu: *Ana mwana, Valentine, anaishi Mombasa.* Hakukuwa na nafasi ya maneno hayo katika jedwali lolote, lakini aliyaandika.

Walipokuwa wanashuka walikutana na Donald njiani. Alikuwa mzee mrefu, kofia ya kitambaa kichwani, na alisimama katikati ya njia bila kuonyesha hasira. Shamba lake ndilo lililopitiwa na bomba la kwanza, na alilitoa bila kudai chochote. Kila mtu mlimani alilijua hilo, na yeye pia.

"Shemeji," alimwambia Tryphena. "Nasikia mnatembea mkisema nimeiba nyumba za watu."

"Hakuna aliyesema umeiba."

"Ulipofiwa nani alikwenda kusimama kwa foleni? Ulikuwa hata huwezi kula. Mimi nilisimama siku mbili, nikahakikisha una mita. Leo nimekuwa mbaya?"

"Hujakuwa mbaya. Ulinisaidia, na nilishukuru, na leo nashukuru tena." Tryphena aliweka mkoba wake chini. "Lakini miaka sita umekaa na kitu changu. Sasa nakichukua."

"Boma linataka mwenyewe, shemeji."

"Langu lina mwenyewe. Ni mimi."

Donald alimgeukia Ndila. "Na wewe binti, unajua unachofanya? Mwaka ule maji yalipokuja huku hata hukuwa umemaliza shule."

"Nilikuwa chuo, mzee," Ndila alisema. "Nina swali moja la kazi. Boma la 190 limeandikwa kwa jina lako. Nimefika hapo. Kuna mita na mlango umefungwa. Nani anaishi humo?"

Donald alitazama kando. "Hakuna. Nilitaka kumjengea kijana."

"Basi nitalifunga kwenye rejista. Kijana akihamia, mtakuja mumwandikishe yeye na boma lake kwa pamoja."

Mzee alisogea kando wapite. Hawakuagana.

*

Alhamisi Ndila aliingiza yote. Kila alipobadilisha boma, aliandika namba ya mkuu mpya, na alipomaliza la mwisho aliiuliza tena kompyuta swali lile la Jumatatu. Jibu lilikuja sifuri. Aliandika sheria upya na safari hii mtambo ukaikubali bila neno. Alijaribu kuivunja kwa mikono yake mwenyewe: akaweka boma la uongo na mkuu anayeishi kwingine. Ikakataa. Akaingiza boma bila mkuu. Ikakataa. Akaingiza boma na mkuu wake pamoja. Ikakubali. Alifuta majaribio yake, akaenda kula.

Ijumaa saa nne Sylus alifika na Donald nyuma yake.

"Ndila," Sylus alisema, "mzee ana malalamiko, na mimi nataka tumalize kwa amani. Rudisha orodha ya zamani kwa ajili ya kesho tu. Jumatatu utaweka hii yako."

"Njooni muone." Aliwageuzia kioo cha kompyuta. Aliandika 88 kwenye nafasi ya mkuu wa boma la 212 na kubonyeza. Maandishi mekundu yakatokea. "Inasema mtu wa 88 si wa boma hili. Siyo mimi ninayesema."

"Sheria umeweka wewe," Donald alisema.

"Nimeiweka mimi. Ni kweli."

"Basi itoe."

"Siitoi, mzee."

Sylus alikohoa. "Unakumbuka mkataba wako unaisha lini?"

"Juni, tarehe thelathini."

"Na kamati ndiyo inayourefusha."

"Najua hilo pia, mwalimu." Ndila alikuwa na mama mgonjwa Wundanyi na kodi ya nyumba hapo Voi, na alikuwa ameyafikiria hayo yote usiku kucha bila kupata jibu jingine. Alivuta karatasi na kalamu, akazisukuma mbele ya Sylus. "Nitaitoa kwa jambo moja. Andika hapa kwamba katibu wa chama ameagiza mkuu wa boma aweze kuwa mtu asiyeishi humo. Tia sahihi na tarehe. Mimi nitaitoa sasa hivi, na kesho nitaisoma karatasi hiyo mbele ya mkutano."

Sylus aliitazama karatasi kwa muda mrefu. Aliishika kalamu, akaizungusha kati ya vidole, akaiweka.

"Mwalimu," Donald alisema.

"Siwezi kuandika hivyo, Donald. Ni kinyume cha katiba."

"Lakini kufanya unaweza?" Donald aliuliza.

Masikio ya Sylus yalikuwa yamebadilika rangi. "Chapisha kadi," alimwambia Ndila, akatoka nje kupokea simu ambayo haikuwa imelia.

*

Mkutano ulifanyika Jumamosi asubuhi katika uwanja wa kanisa. Ndila alikaa kwenye meza ya kutolea kadi. Watu walijipanga, kila mmoja akitaja namba ya boma lake. Wengi wa wale akina mama hawakuwahi kuijua kabla ya wiki ile, na sasa waliitamka kwa nguvu kuliko ilivyohitajika. Tryphena alisema "Mia mbili kumi na mbili" na kuisoma kadi yake pande zote mbili, ingawa nyuma hapakuwa na maandishi. Donald alipewa moja.

Kabla ya kura, Donald aliomba kusema. Alisema rejista imevurugwa na msichana wa ofisi bila ruhusa ya kamati, na kwamba wazee waliochimba mitaro wamedharauliwa. Wengine walipiga makofi. Tryphena alisimama bila kuomba ruhusa.

"Mitaro tulichimba sote," alisema. "Mimi nilichimba nikiwa na mimba. Hakuna mzee aliyenyang'anywa kadi yake. Kila mtu ana ya nyumba anayolala. Kama kuna mtu hapa analala nyumba kumi na nne, asimame, tumpe kumi na nne."

Kicheko kilianzia nyuma na kufika mbele. Donald aliketi.

Kura zilihesabiwa mara mbili, kwa sababu Tryphena alidai hivyo. Maboma mia mbili sabini na moja yalipiga kura. Chini, karibu na shule: mia moja thelathini na nane. Juu, kwenye mawe: mia moja thelathini na tatu.

Ilichukua muda kidogo kuingia akilini. Tryphena aligeuka, akamkuta nyanya Rachel nyuma yake.

"Nyanya, ulipigia wapi?"

"Chini," nyanya alisema. "Mjukuu wangu anasoma pale, na shule haina maji. Mliniambia nichague mwenyewe. Nimechagua."

Tryphena akaanza kucheka mpaka akalazimika kushika bega la nyanya.

Donald alikuja hadi walipokuwa wamesimama. "Unaona, shemeji? Ungeniacha tu. Ningeshinda vilevile."

"Umeshinda ukiwa na kadi yako moja tu," Tryphena alisema. "Ya namna hiyo naikubali. Zile nyingine nisingezikubali hata kama zingeniletea tangi mlangoni." Halafu akainua mkono, na Sylus, ambaye alikuwa anakusanya karatasi zake, akampa nafasi. Tryphena alitaka iandikwe katika kumbukumbu za mkutano kwamba bomba la kupandisha maji kutoka tangi hilo hadi kwenye mawe litajengwa kabla ya mwaka kwisha, na kwamba kamati itatoa taarifa kila baada ya miezi mitatu. Alisimama mpaka Sylus akaandika, kisha akamtaka asome alichoandika. Kadi zilinyanyuliwa, na hazikuhitaji kuhesabiwa.

*

Kamati haikurefusha mkataba wa Ndila. Barua ilisema chama kinapunguza matumizi. Aliisoma mara moja, akaikunja, akaandika kurasa tatu za maelezo kwa atakayekuja baada yake, na katika ukurasa wa kwanza akaeleza ile sheria na sababu yake. Chini akaandika kwamba kuiondoa ni amri ya mstari mmoja, na kwamba yeyote atakayeiondoa ataje jina lake kwa wanachama. Sylus alipokea karatasi hizo kwa mikono miwili.

"Ulikuwa na haki," alisema, akitazama dirisha.

"Ungelisema Ijumaa ile, mwalimu," Ndila alijibu, na kumkabidhi funguo.

Alipata kazi kwenye hospitali ndogo ya binafsi mjini hapo hapo, kutunza rekodi za wagonjwa. Katikati ya Julai simu yake ililia saa nne asubuhi. Alikuwa Sylus. Chama hakikuwa kimempata mtu bado, na yeye mwenyewe ndiye aliyekaa kwenye kompyuta.

"Inakataa," alisema. "Nina boma jipya hapa. Linataka mkuu kwanza. Na mkuu anataka boma kwanza."

"Umefungua ukurasa wangu wa pili?"

"Nimefungua. Sijaelewa."

Ndila angeweza kusema yuko kazini. Ilikuwa kweli. Alitoka hadi kwenye ukumbi.

"Nitakueleza mara moja tu, mwalimu, kwa sababu kuna mtu anangoja. Usibonyeze kuhifadhi baada ya boma. Liache wazi. Mwingize mkuu, umpe namba ya boma hilo. Sasa rudi kwenye boma, umwandike yeye. Umemaliza?"

"Nimemaliza."

"Hifadhi vyote pamoja."

Alisikia kidole kimoja kikibonyeza. Kisha pumzi.

"Imekubali."

"Mkuu ni nani?"

"Mama mmoja, Pauline. Na mumewe yupo, wamekuja wote. Nilimwandika mume kwanza, lakini yeye anafanya kazi Njukini, anarudi mwisho wa mwezi. Mama ameniambia nifute."

"Na mume amesemaje?"

Sylus aliondoa simu sikioni, akauliza, akarudi.

"Anasema andika huyo mama," alisema. "Anasema mama ndiye anayeishi hapo."